Radhi Kabla ya Ziwa

Mashua ya kwanza ambayo Zaituni alipanda maishani mwake ilikuwa juu ya majani, katika uwanja wa mpira wa parokia, Giheta. Ilikuwa kamba tu, iliyolazwa chini kwa umbo la mashua na kukandamizwa kwa mawe, na katikati yake mti wa mkaratusi uliochimbiwa ardhini ukawa mlingoti. Ndani ya kamba hiyo watu wasiojuana walikuwa wakijifunza kusafiri majini. Nahodha wao, Venansi, alikuwa na sheria moja: anayekanyaga nje ya kamba amekufa maji. Siku ya kwanza Theodosia, mkulima wa hapo hapo Giheta, alikufa maji mara tatu, na mara ya mwisho alirudi kutoka kwa wafu akiwa na kichane cha ndizi.

Zaituni hakuwa amekuja kusafiri. Yeye ni fundi cherehani katika mtaa wa Waswahili, Gitega, mwanamke wa makamo, mjane, mtoto wake mmoja tu, Shafii, amekwenda kutafuta maisha Bujumbura. Anashona sare za shule, magauni ya arusi na mashela ya wenye haraka. Kilichomleta uwanjani ni tanga. Chama kimoja cha kusaidia wazazi kilikuwa kimeamua kusafirisha mashua kutoka Rumonge hadi Kigoma, kwa upepo tu, ili watu wachangie boti ya injini ya kuwachukua wajawazito katika vijiji vya ziwani visivyo na barabara. Mabaharia walitafutwa kwa makusudi miongoni mwa watu wa milimani, watu ambao ziwa walilijua kwa ndagala tu, wale dagaa wa sokoni, ili kila mmoja achangiwe na watu wa kwao. Tanga lilihitaji fundi, na fundi akapatikana Gitega. Zaituni ana tabia ya kutoachia nguo kabla hajaiona mwilini mwa mwenyewe. Basi alipanda teksi hadi Giheta kuliona tanga lake likivaliwa na mlingoti.

Siku hiyo baharia mmoja, mwalimu, alikuwa ametuma salamu kwamba mke wake amekataa. Venansi akatazama huku na huku, akamwona mwanamke aliyejitanda mtandio wa kijani, amesimama nje ya kamba na kukagua mshono.

"Mama Shafii, ingia ushike hapa," alisema. Venansi alikulia Tanzania, upande wa Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba wenzake walimwita Redio.

Zaituni akaingia, akashika. Upepo uliotoka upande wa mashamba ya migomba ukakijaza kitambaa alichokikata kwa mikono yake mwenyewe, na kamba ikamvuta mbele hatua nzima, kama mtu anayemwita nje kwa haraka. Tangu mumewe afariki hakuna kitu kilichowahi kumvuta hivyo. Alipoachia kamba, viganja vilimwasha. Akauliza kama nafasi ya yule mwalimu imeshapata mtu.

Ana kazi nyingine Zaituni, ambayo haiko kwenye kibao cha duka lake. Mwanamke Mwislamu akifariki Gitega, yeye huitwa kuosha maiti. Kazi hiyo aliifunzwa na mama yake, Bi Mwajuma, ambaye amewaosha wanawake wa Muyinga tangu Zaituni hajaota meno ya pili. Alifunzwa jinsi ya kukunja mikono ya marehemu, jinsi ya kumwaga maji bila kumfunua mtu, jinsi ya kupima sanda kwa jicho. Na alifunzwa jambo ambalo mama yake alilirudia kuliko yote: ulichokiona pale unakiacha pale. Kama ni uso uliong'aa, waweza kuwaambia watu. Kama ni kitu kingine, unakimwaga pamoja na maji.

Venansi alikuwa na desturi yake pia. Alisema haingii majini na mtu asiyejua sababu iliyomleta. Basi jioni moja, baada ya mazoezi, aliwakalisha ndani ya kamba, kila mmoja aseme. Ignasi, kijana wa Gasorwe mwenye mabega mapana, alisema alitaka msichana fulani aliyemkataa amwone kwenye picha akiwa juu ya mashua. Wakacheka hadi yeye mwenyewe akacheka. Theodosia alisema alizaliwa kambini, akavuka mipaka akiwa mgongoni, akaivuka tena akiwa na watoto wake mgongoni, na hata siku moja hakuulizwa kama anataka kwenda. Safari hii ameulizwa.

Zaituni alikuwa amejipangia sentensi moja: mdogo wangu alifariki katika uzazi. Angeisema na kunyamaza. Lakini wale walikuwa watu wasiomjua, hawakumjua huyo mdogo wake, Raissa, hawakujua hata nyumba yao ilikuwa upande gani wa msikiti wa Muyinga. Ni rahisi mno kusema mbele ya watu kama hao. Akasema sentensi ile, kisha akasema nyingine, na hizo zikavuta zilizobaki.

Alisema Raissa aliolewa Gashoho na Faridi, mfanyabiashara wa nguo. Uchungu ulimshika Raissa wakati Faridi amesafiri kutafuta mali. Alikuwa peke yake usiku mzima. Gari halikupatikana. Alfajiri wapita njia walimkuta mlangoni, wakampakia kwenye teksi ya baiskeli, mmoja akiendesha na mwingine akimshikilia, na hawakuwa wamefika hata nusu ya njia ya kwenda Muyinga alipokata roho. Mtoto naye hakuishi. Walizikwa pamoja.

"Mimi ndiye niliyemwosha," alisema Zaituni. Kisha akasema kile ambacho hakuwahi kukisema kwa miaka yote: kwamba alipofika kwenye uso, meno ya Raissa yalikuwa bado yameuma ncha ya kitenge. Ilimbidi aitoe ile nguo kwa kidole, taratibu, na uzi mmoja ukabaki.

Theodosia akaushika mkono wake na kuushikilia hadi walipokwenda. Usiku ule Zaituni alilala kama mtu aliyetua mzigo mlangoni pa mwingine.

Mratibu wa chama, Prosper, kijana wa Gitega mwenye simu mbili na shati lililopigwa pasi hata Jumapili, aliisikia habari hiyo kwa Ignasi. Alimfuata Zaituni dukani. Alimwambia kwamba watu hawachangii mashua, wanachangia mtu, na kwamba hadithi kama hiyo ikisikika redioni itawaokoa wanawake wangapi ambao hata hawajashika mimba. Zaituni alisitasita kidogo, si sana. Jambo lilikuwa la kheri, na jambo la kheri lina namna yake ya kumsahaulisha mtu alichofunzwa. Akaenda, akavalishwa vile vitu vya masikioni, akasema yote, mpaka ule uzi.

Michango ikaingia. Wauza nyama walichanga, wanafunzi wa uuguzi walichanga, mzee mmoja asiyemjua alimletea kuku dukani akisema huyu ni wa mdogo wako. Zaituni alimpokea kuku, akamshukuru mzee, akaendelea kushona. Alikuwa na amani. Hilo ndilo lililomtisha baadaye alipokumbuka, kwamba alikuwa na amani kabisa.

Wiki moja kabla ya safari akafunga duka akaenda Muyinga kuomba radhi.

Katika familia yao ilikuwa hivyo. Anayekwenda Hija huzunguka kwanza nyumba kwa nyumba, akiomba asamehewe alichokosa, maana huenda asirudi. Babu yake alifanya hivyo, shangazi yake alifanya hivyo. Kigoma si Makka, lakini maji ni maji, na Zaituni hakujua kuogelea. Wala desturi hiyo si ngumu. Unabisha hodi, unasema, nao wanasema wamekusamehe duniani na akhera, unakunywa chai, unaondoka. Hajawahi kusikia mtu aliyekataliwa. Ni kama kukataa kuitikia salamu.

Alianza kwa mjomba wake Hamissi, mwenye bucha. Hamissi alimsikiliza huku akifuta kisu, akasema anamsamehe yote, kasoro ile suruali ya sikukuu ya Idi aliyomshonea ikambana hadi akaswali kwa kuchuchumaa nusu. Suruali ile hapana, watakutana nayo mbele ya Mungu. Wateja wakacheka. Zaituni akaenda kwa jirani, kwa mke wa maalimu, kwa mwanamke mmoja aliyewahi kugombana naye kisimani walipokuwa wasichana. Wote wakasema sawa, nenda salama. Ila aliona, na hakulitilia maanani, kwamba kila nyumba walimpokea kwa upole uliozidi kidogo, na kwamba hakuna aliyemuuliza habari za redio.

Zaituni alimwacha mama yake awe wa mwisho, kama mtu anavyoacha kipande kitamu cha chakula.

Bi Mwajuma alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, ungo wa maharage mapajani. Alipokea salamu, akaamkiwa, akaulizia Shafii, akaagiza chai. Alikuwa amekonda, lakini wazee hukonda. Zaituni alivua viatu, akakaa miguu upande, akaanza maneno yale ambayo alikuwa ameyasema tangu asubuhi hata yakalainika mdomoni: kwamba anasafiri majini, kwamba mtu hajui, kwamba kama kuna alilomkosea mama yake kwa kujua au kutojua, anaomba radhi.

"Hapana," alisema Bi Mwajuma.

Zaituni alitabasamu. Alidhani ni utani, kama wa Hamissi, akangoja sehemu ya kuchekesha. Mama yake alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani.

"Mama?"

"Nimesema hapana, mwanangu. Hiyo sikupi. Kunywa chai."

Kuna mambo mwili huyajua kabla ya akili. Kikombe alichokishika Zaituni kikawa kama cha mtu mwingine. Alimtazama mama yake aone hasira, hakuiona. Angeiona angejua la kufanya, maana hasira ya mama yake aliizoea, ilikuwa ya kelele na ya muda mfupi. Huyu mbele yake alikuwa akichambua maharage.

Ndipo redio ikamrudia kichwani, sentensi kwa sentensi, kwa sauti yake mwenyewe. Akasema kwa haraka, akijikwaa, kwamba anajua, alivunja amana, aliyeosha hasemi, mama yake alimfunza na yeye alisahau, si kwa ubaya, ilikuwa kwa ajili ya boti, kwa ajili ya wanawake. Alisema mengi. Bi Mwajuma alimwacha amalize.

"We uliniambia nini siku ile?" aliuliza. "Mi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Ulitoka kumwosha, mikono bado iko na maji. Nikakuuliza. Ukaniambia nini?"

Zaituni alikumbuka. "Nilikuambia alikuwa kama mtu aliyelala."

"Bon, sawa. Nami nikalala miaka yote hii. Nilikuwa nasema, angalau huyo mtoto alikwenda polepole." Akausogeza ungo pembeni. "Watu wa soko nzima wakajua kabla yangu. Fatouma wa duka la mkaa alikimbia kuzima redio aliponiona ninapita. Kumbe ndani ya lile duka jingine ilikuwa inasema pia."

"Nisamehe, Mama."

"Ngoja. Si hilo." Sauti ya Bi Mwajuma ilishuka. "Kilikuwa kitenge gani?"

"Mama..."

"Redioni hukusema rangi. Ninauliza rangi."

Zaituni akamwambia. Kilikuwa cha buluu, chenye ndege wa manjano wanaotazamana.

Bi Mwajuma aliufumba mdomo wake, akaufumba sana, hata midomo ikapotea. Jirani alipita nje ya ua akitoa salamu, na Bi Mwajuma akamwitikia vizuri kabisa, akamuulizia mguu wake, akamtakia mchana mwema. Kisha akamgeukia binti yake.

"Hicho nilimpelekea mimi. Kwa mkono wa Hamissi, wakati anakwenda kununua mbuzi Gashoho. Na siku ya pili nikampigia simu. Nikamwambia, Raissa, uchungu ukija usitutie aibu. Uma hiyo nguo. Usipige kelele. Sisi kwetu hatupigi kelele."

Zaituni aliyajua maneno hayo. Aliambiwa yeye pia alipomzaa Shafii, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, na alijivunia baadaye kwamba watu wa barazani hawakujua mpaka mtoto alipolia mwenyewe. Wanawake wote wa kwao waliambiwa hivyo, na waliowaambia waliambiwa pia. Mwanamke aliyepiga ukelele alitajwa kwa jina miaka na miaka, kwa kicheko.

"Wewe ulisema gari halikupatikana," Bi Mwajuma aliendelea. "Gari lilikuwepo. Rachid ana pikapu yake ya kubebea ndizi. Ukuta wa Rachid na ukuta wa Raissa ni ukuta mmoja. Siku ya maziko alikuja hapa, akakaa pale ulipokaa, akaniambia, mama, nilikuwa nimelala hapo nyuma ya ukuta hadi nilipoondoka na gari kabla ya adhana ya alfajiri. Ningesikia hata sauti ndogo. Nikafikiri ni maneno ya kufariji tu. Kila mtu anasema hivyo. Nikamjibu, usijilaumu baba, ilikuwa kimya kwa sababu hakuteseka."

Zaituni aliweka kikombe chini. Kilikaa vibaya, kikalala, chai ikaenda kwenye mkeka na hakuna aliyeifuta. Alikuwa amekisimulia kitenge kile mbele ya watu wa uwanjani, na mbele ya nchi nzima. Alikuwa amesema kwamba Raissa alikaa peke yake usiku mzima. Vitu hivyo viwili alikuwa navyo mkononi miaka yote, na hata mara moja hakuviweka pamoja. Kwake, kitenge kilikuwa maumivu. Hakuwa amefikiri kwamba kilikuwa utii.

"Sasa we unaniomba radhi," alisema Bi Mwajuma. "Nikikupa wewe, mimi nitaomba kwa nani?"

Zaituni alitaka kusogea amshike, akaona mama yake amejikaza kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, ambaye ukimgusa utamwaga. Akabaki alipo. Adhana ya alasiri ikaanza. Wakaisikiliza hadi mwisho.

Baada ya kuswali Bi Mwajuma alirudi barazani, akaketi safari hii upande wa Zaituni, mabega yakigusana, wote wakitazama uani. Akasema kwamba watu wa Giheta wameambiwa, watu wa redio wameambiwa, sasa aambiwe yeye. Si kitenge tu. Yote. Zaituni akasema hawezi. Mama yake akasema aliweza mbele ya wageni.

Basi akamweleza, kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kama waoshaji wawili wanavyoelezana kazi. Hayo si ya kuandikwa. Bi Mwajuma aliuliza maswali machache, ya mtu anayejua, na kila jibu alilipokea kwa kutikisa kichwa kidogo. Hakulia. Alipomaliza kusikia alichukua ungo wake, akaendelea na maharage hadi giza lilipomzuia kuona mawe.

Zaituni aliamka asubuhi akiwa ameamua kutosafiri. Alimwambia mama yake hivyo huku akikunja shuka: haingii majini bila radhi, atampigia Prosper simu, watafute mwingine. Alilisema kama zawadi. Bi Mwajuma hakulipokea wala hakulirudisha. Alivaa viatu, akajitanda, akasema atamsindikiza hadi kwenye magari.

Walitembea polepole. Njiani watu waliwasalimu, na Bi Mwajuma akasimama kwa kila mmoja, maana hajui kupita mtu. Walipofika kwenye kituo, dereva wa gari la Gitega alikuwa akingoja abiria wa mwisho. Bi Mwajuma alimvuta binti yake pembeni, karibu na mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi, akamtengenezea mtandio kichwani kama mtoto wa madrasa.

"Utakwenda na hao watu wako," alisema. "Hiyo boti wanaitaka, ipatikane. Lakini hadithi ya mwanangu usiiseme tena. Imekwisha. Ukikuta wanawake huko ziwani, wenye matumbo, waambie wapige kelele. Waambie mwanamke mzee wa Muyinga ndiye amesema. Mwenye aibu aniletee mimi."

"Na radhi yangu, Mama?"

"Iko." Bi Mwajuma alimaliza kuutengeneza mtandio. "Iko hapa nyumbani. Leo sikupi. Utarudi uichukue."

Dereva akapiga honi. Zaituni akapanda, na gari lilipogeuka alimwona mama yake amekwisha geuka pia, anamuulizia mchoma mahindi habari za watoto.

Siku ya kuagwa, Gitega, mabaharia walipangwa mstari mbele ya ukumbi, wamevaa majaketi ya kuokoa maisha ya rangi ya chungwa, katika mji usio na maji zaidi ya bomba. Ignasi alikuwa amelifunga lake kabisa na alikuwa akitoka jasho kwa ajili ya picha. Viongozi walikuja, imamu alikuja, padri alikuja, kina mama wa vikundi walikuja na vitenge vya sare. Baada ya hotuba Prosper aliinua kipaza sauti, akasema sasa tutamsikia Mama Shafii, ambaye wengi mnamjua, na hadithi ya mdogo wake ambayo imetufikisha hapa.

Zaituni alikipokea. Alisema kwamba hadithi ile haitasemwa tena, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kuisema. Prosper akacheka kidogo, akimtazama kama mtu aliyeona sahani ikiteleza mezani. Watu wakadhani amezidiwa na kilio. Lakini hakuwa akilia.

"Mama yangu amenituma," alisema. "Mwanamke akishikwa na uchungu, apige kelele. Apige mpaka ukuta wa jirani usikie. Sisi wanawake tuliofunza watoto wetu kunyamaza, tuwafundishe tena upya." Akafikiri kama kuna zaidi, hakuona. "Ni hayo."

Imamu alitazama viatu vyake. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alikohoa, akakohoa tena, na kikohozi hicho kilisikika kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kusikika. Maneno ya uzazi hayasemwi mbele ya wanaume wenye tai, na hayasemwi na mwanamke aliyejitanda vizuri. Kisha huko nyuma, kwenye vitenge vya sare, mwanamke mmoja alianza kupiga makofi, akagundua yuko peke yake, akaacha. Prosper akachukua kipaza sauti na kuwaita wapiga ngoma.

Nje, kando ya gari la kwenda Rumonge, Venansi aliwapitia mmoja mmoja kabla hawajapanda. Hakuuliza habari ya jaketi wala maji ya kunywa. Aliuliza kama wameagana vizuri na watu wa nyumbani. Theodosia alisema ndiyo. Ignasi alisema ndiyo, na yule msichana pia, kwa simu, ingawa hakupokea.

"Mama Shafii?"

Zaituni angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amechoka, na neno lile lilikuwa karibu. "Mimi bado," alisema. "Nimeomba sikupewa."

Wengine wakageuka kumtazama. Hata wale Wakristo, ambao desturi ile haikuwa yao, walielewa uzito wake. Theodosia alijishika kifua.

"Mimi sichukui majini mtu ambaye hajaelewana na kwao, dada yangu," Venansi alisema, kwa upole, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka. "Si ushirikina. Mtu kama huyo huwa hajali kama atarudi. Nimewaona."

"Ameniambia nirudi kuichukua."

"Nani?"

"Mama yangu. Radhi iko, lakini iko Muyinga. Amesema nirudi niichukue."

Venansi alimtazama Zaituni kwa namna ile aliyokuwa akitazama mawingu kule Giheta, bila haraka, akipima. Kisha akapiga hatua moja mbele, akashika mikanda ya jaketi lake, akaikaza kuliko alivyoikaza ya mtu mwingine yeyote, mpaka Zaituni akashusha pumzi kwa nguvu, na akamwonyesha mlango wa gari.